Nilivyomkalisha Mdogo Wangu Mbele ya Kanisa

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nisimpoteze. Mimi ni Lupe, mjane, bibi wa Tiresa, Msamoa wa ughaibuni, mkazi wa Māngere, pale ndege zinapopita chini mpaka vikombe vinalia kabatini. Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua gari letu lilivyoibwa likiwa na viazi vya taro vya msibani ndani yake, na wanajua binti yangu alivyokwenda Brisbane kwa muda mfupi, akaniachia mtoto, na muda mfupi huo haujaisha mpaka leo.

Wiki iliyopita niliishia ukumbini kwetu kanisani, baada ya chakula cha Jumapili. Nilikuwa nimesimama. Watu wote wamenigeukia, na mdogo wangu Setefano ananitazama kwa tabasamu, kwa kuwa alidhani nimesimama kumsifu.

Sikusimama kumsifu. Na nilitamani wiki hii mhariri aumwe, gazeti lisitoke, nisiwe na haja ya kulieleza hili.

Jambo lenyewe lilikuwa bodi ya shule. Shule ya mtaani kwetu inachagua bodi, na wapiga kura ni wazazi na sisi walezi. Bodi ndiyo inayosema darasa gani libaki na lipi lifungwe. Mwisho wa korido ya shule ile kuna chumba kimoja chenye mikeka ukutani, ambamo watoto wanafundishwa kila kitu kwa Kisamoa, hesabu na yote. Tiresa yumo. Alipoletwa kwangu hakujua hata kuniomba maji kwa lugha yangu. Sasa ananikosoa ninapoimba.

Kulikuwa na maneno kwamba chumba kile kitafungwa.

Sisi wa kanisani tumezoea kukutana na kukubaliana jina moja tu la kulisukuma, maana tukijigawa hatupati hata mmoja. Mara hii majina yalikuwa mawili. La kwanza ni Setefano, dereva wa basi, ambaye tayari alikuwa ndani ya bodi na alitaka kurudi. La pili ni Fereti, mpwa wa Mama Mchungaji, kijana wa kuuza nyumba, yule ambaye picha yake imebandikwa kwenye mabenchi ya vituo vya basi, meno yote nje. Setefano alikuwa akitania kwamba kila asubuhi anasimamisha basi mara kumi na mbili kumpa Fereti salamu.

Jumamosi ile Mama Mchungaji aliniita nyumbani kwake kumsaidia kufunga maua ya madhabahu. Hajawahi kuniita. Alinipa koko, ile kakao yetu ya moto, kwenye kikombe chenye kisahani, akaniambia kesho nikae meza ya mbele, pembeni yake, na kwamba Jumapili ya Watoto mwaka huu angependa Tiresa ndiye asome kile kipande kirefu cha Maandiko, kile ambacho siku zote husomwa na mtoto wa nyumba kubwa.

Halafu, akiwa anakata shina la ua, akasema amesikia kuwa Setefano ndiye aliyekubali chumba cha Kisamoa kifungwe.

Nikamuuliza amesikia kwa nani.

"Sijui, Lupe. Mimi nimesikia tu. Wewe ndiye dada yake."

Nyumba ya Setefano na yangu zimetenganishwa na uzio wa bati na mlimau mmoja ambao hatujui ni wa nani. Jioni ile alikuwa nje anaosha gari. Nilimwona. Nilikuwa na uwezo wa kusema, "We Setefano, hili ninalolisikia ni kweli?" Lingeisha kabla povu halijakauka.

Sikumuuliza. Nimetafuta sababu nzuri wiki nzima na sijaipata. Sababu ni kwamba angesema si kweli, na akisema si kweli ningelazimika kukirudisha kile kiti cha mbele.

Basi Jumapili nikakaa mbele. Nilivaa gauni langu la kijani lenye mauamaua, lile la harusini, na shanga za kome shingoni. Mezani kulikuwa na nguruwe, tambi za sapasui, na palusami ya tui zito iliyofungwa vizuri kwenye majani yake. Kuku aliletwa kwangu kabla ya kufika kwa mzee wa kwaya. Watu waliona. Nilitaka waone.

Setefano hakukaa. Yeye na wanaume wengine walikuwa wanahudumia meza za wazee, taulo begani. Ndivyo alivyokuwa, amesimama na sinia tupu, wakati mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu majina mawili.

Nikasimama.

"Familia yetu imekaa," nilisema. "Imeona Setefano apumzike. Setefano, kaa chini. Kamsaidie Fereti."

Kwetu neno la dada kwa ndugu yake wa kiume, likishatamkwa mbele ya watu, halijibiwi. Si sheria ya serikali, wala hakuna atakayekufunga. Lakini mwanamume akimpinga dada yake hadharani, afadhali avuliwe nguo. Nililijua hilo. Ndiyo maana sikusema pembeni kwenye uzio, nikasema pale.

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kama taa mtu aliyosahau kuizima. Akaweka sinia chini, akatafuta kiti, akakaa.

"Nimesikia, dada. Iwe hivyo."

Mke wake, Malia, hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake. Mama Mchungaji akanijazia glasi.

Familia yetu imekaa, nimesema hivyo. Uongo mtupu. Hakuna aliyekaa. Hakuna hata aliyepigiwa simu.

Jumatatu Malia alianika nguo, na nilipotoka na beseni langu akaingia ndani na nusu ya nguo zake mbichi. Nikasema moyoni, atapoa. Jumanne hakutuma bakuli la supu, na Jumanne ni siku yake ya supu. Tiresa akauliza kama Bibi Malia anaumwa. Nikamwambia ale mkate.

Sasa sikilizeni ya Jumatano.

Mchana ule, shule ikiwa imetoka, nilikuwa nakaanga panikeke, yale maandazi ya mviringo, na Tiresa amekaa sakafuni anajifunza kile kipande kirefu. Alikuwa amefika mahali penye neno gumu, anarudia na kurudia, na kila akikosea anajipiga goti. Mlango ukagongwa.

Nikafungua. Alikuwa Setefano.

Amevaa shati lake jeupe la Pasaka na shuka ya kanisani kiunoni, viatu vimepigwa rangi. Siku ya kazi, jamani. Nyuma yake Fereti, anatabasamu kama kwenye benchi. Kwenye barabara kulikuwa na gari la Setefano, safi kabisa.

Nilidhani amekuja kugombana nami, na nilifurahi, kwa sababu mtu akigombana nawe mnaweza kumaliza.

"Habari za mchana, dada," alisema. Sauti ile anayotumia kwa abiria wageni. "Samahani kwa kukusumbua. Tunapita nyumba kwa nyumba. Huyu ni Fereti, anagombea bodi ya shule. Nimekuja kukuomba kura yako kwa ajili yake."

Nikabaki na uma mkononi, mafuta yanadondokea mkekani.

Niliwaambia waingie. Wakaingia, wakavua viatu, wakaketi. Setefano akaanza kumsifu Fereti. Alisema ni kijana msomi, ana muda, anajua kuongea na watu wa ofisini, atawakilisha watoto wetu vizuri. Hakuruka kitu wala hakupunguza. Nilikuwa nimemwambia, kamsaidie, naye alikuwa anasaidia. Malia aliniambia baadaye kwamba mumewe aliomba likizo kwa kazi hiyo, na kwamba tayari walikuwa wamemaliza mtaa wetu wote na nusu ya ule wa ng'ambo. Nyumba zile zinamfahamu Setefano. Akiwaambia huyu ni mtu mzuri, wanaamini.

Fereti akaipokea hadithi pale Setefano alipoiacha. Akachukua panikeke ya pili.

"Mimi, Bibi, nataka maendeleo. Kile chumba cha mwisho wa korido, kile cha mikeka, tukishakisafisha kitakuwa chumba cha kompyuta. Kompyuta mpya, viti vya kuzunguka."

"Na darasa la Kisamoa?" nikauliza.

"Kisamoa watoto wanakipata nyumbani kwenu nyie mabibi. Bure kabisa. Nimekuwa nalisema hili tangu mwaka jana. Kwenye bodi kuna mtu mmoja tu aliyekuwa anatuzuia." Akacheka, akampiga Setefano goti kirafiki. "Na sasa tuko naye gari moja."

Setefano hakucheka wala hakuninyooshea kidole. Aliangalia mikono yake.

Tiresa alikuwa ameacha kusoma. Alimwangalia Fereti, halafu Setefano, halafu mimi.

"Bibi, chumba chetu kinaondoka?"

Nilikuwa mkubwa mle ndani kuliko wote. Setefano ndiye aliyemjibu. Alimwambia asome, kwamba amekosea mwisho wa mstari, na akamtamkia lile neno gumu polepole mpaka akalipata.

Walipoondoka Setefano aliniaga kwa heshima na kunikumbusha kwamba kura yangu ina thamani.

Nilizima jiko. Zile panikeke zilizobaki kwenye mafuta zilikuwa zimeungua, na nikazila hivyohivyo nikiwa nimesimama, sijui kwa nini.

Jioni nilikwenda kwenye uzio. Setefano alikuwa amebadilisha nguo, anapalilia taro zake. Nilimwita. Akaja, jembe mkononi, akasimama upande wake wa mlimau.

Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia niliambiwa kwamba yeye ndiye anayefunga darasa.

"Hukuniuliza," alisema.

"Sikukuuliza."

"Ningekujibu, dada. Nilikuwa hapa hapa, naosha gari. Nilikuona ukinitazama."

Hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikamwambia basi arudi, majina yanapokelewa shuleni mpaka kesho kutwa Ijumaa mchana, aende aandike jina lake, mimi nimemruhusu.

Akatikisa kichwa. "Neno umelitoa ukumbini, watu wote wakiwa na vijiko mkononi. Ukilitengua hapa, amesikia nani? Mlimau?"

"Setefano."

"Nikienda kujiandikisha kesho watasema Setefano amemkaidi dada yake. Hawatasema wewe umekosea. Na mimi sitasimama kumwambia mtu kwamba dada yangu alidanganya. Siwezi. Hata ukiniambia niseme, hilo siwezi."

Akarudi kwenye taro zake. Aliniachia malimau mawili juu ya uzio, kama anavyofanya siku zote. Nikaona afadhali angenirushia jembe.

Sasa mnaelewa nilipokuwa. Kama sisemi, Fereti anaingia kwa kura zetu sisi wenyewe na chumba cha Tiresa kinakwenda. Kama nasema, itabidi niseme yote, kwa mdomo wangu, kwa watu walewale. Si kwamba nilikosea tu. Kwamba familia haikukaa. Kwamba nilinunuliwa kwa kiti.

Alhamisi jioni ni mazoezi ya kwaya, na karibu kanisa zima huwa pale, wanaoimba na wanaosubiri wanaoimba. Nilivaa gauni la nyumbani. Lile la kijani sikuweza kuligusa. Nilimwacha Tiresa kwa jirani, maana sikutaka asikie, na njiani nikajiona mwoga hata kwa hilo.

Setefano alikuwepo kwenye sauti za chini. Fereti alikuwa amekaa nyuma, amekuja naye. Mama Mchungaji alikuwa kwenye kinanda. Aliponiona akasogea kidogo kunipisha pembeni yake.

Sikwenda kukaa. Nilisubiri wimbo wa kwanza uishe, nikaenda kusimama mbele kama mtoto wa Jumapili ya Watoto aliyesahau mstari.

Nikasema. Siwezi kuandika kila neno, mengine yalitoka vibaya na mengine yalimezwa na ndege iliyopita. Nilisema kwamba Jumapili niliwaambia familia yetu imekaa, na haikukaa. Kwamba nilimsingizia ndugu yangu jambo ambalo sikumuuliza. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa anakilinda kile chumba, na aliyetaka kukigeuza alikuja kwangu akaniambia mwenyewe akiwa anakula panikeke zangu.

"Nilipewa kiti cha mbele," nikasema. "Nilikipenda. Ndiyo sababu nilisema. Hakuna nyingine."

Mzee wa kwaya akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mama Mchungaji akageuka kwenye kinanda, uso wake laini kabisa. Alisema kwa upole kwamba Lupe amechoka, mtoto wa binti yake anamlemea, na kwamba yeye hakumwambia mtu kitu. Alisema amesikia tu. Na tuendelee na wimbo wa pili.

Ilikuwa kweli. Alisema amesikia tu. Sikuwa na la kumshika nalo. Wanawake wawili wa sauti ya kwanza walinong'onezana, na mmoja akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani. Nikajua kuanzia leo ndivyo nitakavyotazamwa sokoni.

Kisha Setefano akasimama.

Alikuwa na kofia yake ya kazini mkononi, anaizungusha kwa ukingo. Hakuniangalia usoni, kwetu ndugu wa kiume haangalii dada yake usoni akizungumza naye mbele ya watu. Aliangalia sakafu karibu na miguu yangu.

"Dada, sijaelewa jambo moja. Unaniamuru nirudi, au unaniomba?"

Nikafungua mdomo kusema namwamuru. Lilikuwa rahisi. Neno moja, na angeitikia, na kesho asubuhi jina lake lingekuwa shuleni, na chumba kingepona. Watu walikuwa wananisubiri niseme hivyo. Nadhani hata Mama Mchungaji alikuwa ananisubiri niseme hivyo.

Lakini nilimwona tena na lile sinia tupu. Ningekuwa namkalisha mara ya pili, ila sasa kwa kumsimamisha.

Tangu tuko wadogo kule kisiwani Savai'i, yeye akinichotea maji na kunibebea kuni, sijawahi kumwomba Setefano kitu. Nilikuwa namwambia tu.

"Nakuomba," nikasema.

Kofia ikaacha kuzunguka.

"Ikiwa ni ombi," alisema, "basi naweza kukataa."

"Unaweza."

"Sijawahi kukataa kitu chako, dada. Sijui hata neno la kukataa linavyosemwa." Alikunja ukingo wa kofia. "Nimepita nyumba zote zile nikiwaambia wamchague huyu. Nimewaangalia machoni. Kesho niwarudie niwaambie nini? Kwamba nilikuwa mtiifu?"

Nikatazama kandambili zangu.

Akavaa kofia, pale pale ndani ya nyumba ya Mungu, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya, akapita katikati ya viti, akatoka. Malia akainuka nusu, akakaa tena.

Na Fereti, ambaye hakuwa na gari lake jioni ile, akatazama huku na huku, akachukua koti lake, akamfuata.

Tulisikia milango miwili ya gari ikifungwa. Mama Mchungaji akagusa kinanda, kwaya ikaanza wimbo wa pili, na mimi nikasogea dirishani. Gari la Setefano lilikuwa pale pale chini ya taa ya barabara. Wote wawili wamekaa mbele, vioo vimepandishwa. Fereti alikuwa anaongea, mikono inakwenda juu na chini. Setefano alikuwa ameshika usukani.

Wimbo ukafika mwisho. Gari lilikuwa bado halijawashwa.